Shajara ya pipa la bayogesi: siku 74 na vijidudu nisivyoviona

Siku ya 0

Haya nimeanza mtambo wangu wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotoka mavi na mabaki ya jikoni yakioza bila hewa. Kuchora nimechora vya kutosha, leo pipa limetobolewa na hakuna kurudi nyuma. Ni pipa la plastiki la lita 200, lile lenye mfuniko unaobanwa na pete ya chuma, lina matundu matatu: la juu ni la paipu nene ya kulishia inayoshuka mpaka karibu na kitako (mdomo wake wa ndani lazima uwe umezama kwenye uji mda wote, ukiuacha wazi gesi yote itatokea hukohuko unakolishia), la ubavuni ni la kutolea tope lililoiva, alafu kuna kadogo kwenye mfuniko ka koki ya gesi. Ghala la gesi ni tyubu ya tairi la lori, ina viraka vitatu lakini haivuji.

Kati ya koki na tyubu nimeweka kiungo cha T chenye kimguu kinachoshuka sentimita 15 ndani ya chupa ya maji. Kina kazi mbili hiki, kwanza mvuke unaotoka pamoja na gesi unageuka maji na kudondokea humo badala ya kuziba mpira, pili presha ikizidi zile sentimita 15 gesi inabubujika nje yenyewe badala ya kuning'oa mfuniko. Usiruke hiki kitu hata kama una haraka namna gani.

Nimepuliza hewa, nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Viwili vinavuja. Nimefungua, nimeweka pete (wosha) mpya za mpira, silikoni, sasa kinavuja kimoja. Nimeenda kulala.

Siku ya 1

Kiungo kimekubali. Leo kupakia: kilo 60 za mavi mabichi ya ng'ombe, lita 60 za maji, na lita 15 za tope nililoomba kwa mtu ambaye mtambo wake unafanya kazi siku nyingi. Maji nimeyaacha wazi tangu jana klorini iondoke, maana klorini iliwekwa humo kuua vijidudu na mimi ndo kwanza nataka kuvifuga. Mpwa wangu kashika mti wa kukorogea, mimi natoa majani magumu na mawe kwa mkono, saa mbili nzima, na ile harufu utaizoea utake usitake.

Kwa nini mavi na maji nusu kwa nusu? Mavi mabichi zaidi ya robo tatu tayari ni maji, ukiongeza maji kiasi kilekile unabaki na yabisi kama asilimia 8 hadi 10, yaani uji unaomiminika. Ukiwa mzito kuliko hapo gesi inanasa na juu linafanya ukoko mgumu, ukiwa mwepesi sana unafuga maji tu.

Na kwa nini mavi wakati lengo langu ni mabaki ya jikoni? Kwa sababu ng'ombe mwenyewe ni mtambo wa bayogesi unaotembea. Kwenye lile tumbo lake kubwa la kucheulia vijidudu vinavunja majani bila hewa na methani (ndo gesi inayowaka kwenye bayogesi) inatoka, na sehemu kubwa anaitoa kwa mdomo akicheua, sio huko nyuma kama wengi wanavyodhani. Mavi yakitoka yanakuja na mbegu ya karibu kila kijidudu ninachokihitaji. Zile lita 15 za tope ni mbegu ya nyongeza, hizo zina vijidudu ambavyo maisha ya pipani vimeshayazoea.

Siku ya 2

Kimya. Joto la uji nyuzi 25.

Siku ya 4

Tyubu imejaa! Asubuhi nimeikuta imetuna kabisa, nikaita nyumba nzima, nikaunga mpira kwenye bana ya jiko la gesi, nikawasha kiberiti... kikazimika. Cha pili kikazimika. Cha tatu nacho, tena kwa kupulizwa kama mtu kakivuvia. Mpwa wangu ananiuliza "mjomba, sasa hii gesi gani inazima moto?"

Swali zuri kuliko alivyojua. Hiyo ni kaboni dayoksaidi kwa sehemu kubwa, imechanganyika na hewa iliyobaki juu ya uji, na ndo gesi ya kwanza ya karibu kila mtambo mpya. Ili nieleze kwa nini inabidi niwatambulishe wafanyakazi wa humu ndani, maana mimi sitengenezi gesi yoyote, mimi ni mpeleka chakula tu.

Wapo wa zamu nne. Wa kwanza nawaita wavunjaji: wanatema vimeng'enya nje ya miili yao vinavyokata wanga kuwa sukari, protini kuwa amino asidi, mafuta kuwa asidi za mafuta, kwa sababu kijidudu hakina mdomo wa kutafuna, lazima chakula kiyeyuke kwanza ndo kipite kwenye ukuta wa mwili. Wa pili ni wachachushaji, wanachukua sukari ile na kutoa asidi, pombe, haidrojeni na kaboni dayoksaidi nyingi. Wa tatu nawaita makuli, wanabeba zile asidi ngumu na kuzigeuza kuwa asidi ya asetiki (ileile inayofanya siki iwe siki) pamoja na haidrojeni. Wa nne ndo wapishi wa methani.

Sasa shida iko hapa. Wachachushaji wanazaana haraka, wengine wanaongezeka maradufu ndani ya masaa. Wapishi wanachukua siku, na wale wanaokula asidi ya asetiki peke yake wanaweza kuchukua siku nne mpaka tisa kuongezeka maradufu. Kwa hiyo siku ya nne humu ndani kuna shughuli kubwa ya watu wa zamu ya pili, na wapishi ndo kwanza wanahesabiana.

Nimeiachia gesi yote nje, mbali na moto. Hata kama ingewaka nisingeitumia, methani iliyochanganyika na hewa ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka, na tyubu ya kwanza daima ina hewa ndani.

Siku ya 5

Nimetengeneza kipimo cha kimaskini. Sirinji kubwa, navuta mililita 20 za gesi, navuta na maji kidogo yenye kostiki soda (glavu na miwani, hii kitu inakula ngozi), naziba, natikisa dakika moja. Kostiki inameza kaboni dayoksaidi yote, kinachobaki nasoma kwenye mistari. Leo 20 imebaki 5, na hizo 5 wala sio methani tupu, humo kuna naitrojeni ya hewa na pengine haidrojeni.

Siku ya 9

pH 6.4 kwa karatasi (pH ni kipimo cha uchachu, 7 ni katikati, chini yake ni asidi). Ilikuwa karibu 7 nilivyopakia, kwa hiyo asidi zinajaa kuliko zinavyoliwa. Nimeshawishika kuweka chokaa nikajizuia, bado sio hatari. Tyubu nimeimwaga mara mbili tangu siku ya nne.

Joto ndo linanisumbua zaidi. Mchana 27, alfajiri 22. Vijidudu vya aina hii vinapenda nyuzi 35 hadi 37, wapo wengine wa joto kali wanaofanya kazi kwenye 55 lakini hao ni wa mitambo yenye hita. Kwenye 20 kushuka kazi inazorota, ukikaribia 10 karibu inasimama. Na sio ubaridi peke yake, kupandapanda na kushukashuka kwa ghafla nako wapishi hawakupendi. Nimelivika pipa mablanketi mawili ya zamani alafu plastiki nyeusi juu, sasa linaonekana kama mgonjwa.

Siku ya 13

Alfajiri 26, mchana 29. Mablanketi yamefanya kazi. Sirinji: 20 imebaki 8.

Leo hakuna kazi kwa hiyo niandike kitu kilichonikosesha usingizi. Hawa wapishi wa methani sio bakteria! Mimi miaka yote nimekuwa nikisema "bakteria wa bayogesi" na kumbe nusu ya maneno ni uongo. Ni arkea. Mwaka 1977 wanasayansi Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu (molekuli iliyomo kwenye seli za kila kiumbe) za viumbe mbalimbali, na watoa methani wakagoma kukaa kwenye kundi la bakteria, wakakaa peke yao kama ukoo mwingine kabisa wa uhai. Kwa darubini ni vidoti na vijiti kama bakteria tu, lakini utando wa seli zao umejengwa kwa mafuta ya aina nyingine, na nasaba yao iko mbali na bakteria kama yetu sisi tulivyo mbali nao. Alafu wana kimeng'enya kisaidizi kinachong'aa rangi ya bluu-kijani ukiwamulika kwa mwanga wa zambarau, yaani wapishi wangu wana taa. Natamani ningekuwa na darubini ya kuwaona.

Na gesi yenyewe imejulikana kabla ya wapishi kujulikana. Alessandro Volta, huyuhuyu wa betri, mwaka 1776 alichokoa matope ya Ziwa Maggiore kwa fimbo, akakinga mapovu yaliyopanda, akayawasha yakawaka. Miaka mia mbili inapita ndo tunajua kwamba mtengenezaji ni kiumbe wa ukoo wa peke yake.

Siku ya 17

Imewaka ikazimika. Imewaka ikazimika. Moto unaruka juu ya bana alafu unapotea. Sirinji: 20 imebaki 9, na chini ya kama asilimia 45 za methani moto unakuwa mgonjwa hivi. Tunakaribia.

Siku ya 20

Nimejiunguza vinyweleo vya mkono. Nimewasha saa saba mchana juani, nikaona hakuna moto, nikapeleka mkono kuhakikisha kama gesi inatoka. Ilikuwa inawaka. Moto wa bayogesi ni bluu mwepesi sana na kwenye jua hauonekani kabisa. Usiku tumerudia, tumekaa gizani kama watu watano tunaangalia kimwali cha bluu cha ukubwa wa kidole bila kuongea.

20 imebaki 11.

Siku ya 24

Bana ya gesi ya mtungi haifai kama ilivyo. Bayogesi ina nguvu ndogo kwa kila lita na presha yangu ni ya kubembeleza, kwa hiyo tundu la jeti limepanuliwa kidogokidogo kwa keekee mpaka moto ukakaa. Na upande wa hewa ni kinyume, unapunguza: lita moja ya bayogesi yenye methani asilimia 60 inahitaji kama lita 5.7 za hewa kuungua yote, wakati lita moja ya propani, gesi ya mtungi, inataka karibu 24. Ukiacha mlango wa hewa wazi kama wa mtungi, moto unaruka na kufa.

Nimepima gesi kwa dumu la lita 20 lililojaa maji na kupinduliwa kwenye beseni, gesi ikiingia maji yanatoka, unahesabu madumu. Kwa siku napata lita 45 hivi. Nikachemsha lita moja ya maji ikala lita 38 za gesi. Kwa hesabu, mita moja ya ujazo yenye methani asilimia 60 ina megajuli kama 21, kwa hiyo lita 38 ni kilojuli 800, na kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 25 kunataka kilojuli 315 tu. Zaidi ya nusu inapasha joto uani. Nitazungushia bati la kukinga upepo.

Siku ya 26

Kuanzia leo mabaki ya jikoni. Kilo 1 imesagwa, lita 1 ya maji, kila asubuhi, na lita 2 za tope zinatoka upande wa pili. Kusaga ni muhimu kuliko nilivyodhani, wavunjaji wanafanya kazi juu ya uso wa kipande, kipande kikubwa kina uso mdogo kulinganisha na uzito wake. Miti, maganda magumu na mifupa siweki, lignini ya mti haivunjiki bila hewa, itakaa humo mpaka wajukuu waikute.

Siku ya 30

Lita 62.

Siku ya 36

Lita 84, moto thabiti, pH 7.0. Mabaki ya chakula kilo kwa kilo yanatoa gesi mara kadhaa kuliko mavi na inaeleweka, mavi ni chakula ambacho ng'ombe kashakitoa utamu wake. Nimeanza kujiona fundi.

Siku ya 38

Jirani kafanya sherehe, kaleta ndoo mbili za mabaki, wali, mikate, mafuta, sukari za kila aina. "Lishe pipa lako hilo, lisilale njaa." Nikapiga hesabu ya kitoto: kilo 1 inatoa 84, kilo 4 zitatoa zaidi ya 300. Nimeweka kilo 4 na lita 4 za maji.

Siku ya 40

Lita 130! Kilo 4 tena.

Siku ya 41

Lita 150. Kilo 4. Nimewaambia watu wiki ijayo tunapikia gesi hii chakula chote cha mchana. Sirinji sijagusa, ya nini.

Siku ya 43

Moto unaruka. Lita 60 tu na mapovu yamepanda mpaka kwenye mpira wa gesi. Nimefungua paipu ya kulishia nikanusa, harufu imebadilika, sio ile ya zizi tena, ni siki na chini yake kitu kama maziwa yaliyochacha wiki, kinachoma pua. 20 imebaki 6.

Siku ya 44

pH 5.9.

Nimeua, au nimekaribia kuua. Nimekaa na daftari mchana kutwa na sasa naiona njia yote niliyopita, acha niiandike nikiwa bado na hasira.

Kosa la kwanza ni la chakula. Mabaki ya jikoni yana yabisi inayooza kama moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo kilo 4 ni gramu 800, kwenye uji wa lita 135 ni sawa na kulisha karibu kilo 6 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Mtambo kama wangu usiopashwa moto wala kukorogwa unashauriwa usizidi 2. Ile kilo 1 yangu ilikuwa 1.5, yaani nilikuwa palepale panapotakiwa na sikujua.

Kosa la pili ni la mda. Nikiingiza lita 2 zinatoka lita 2, pipa linachukua siku 67 kubadilika lote. Nikiingiza 8, siku 17. Sasa kumbuka wapishi wanaohitaji siku nne mpaka tisa kuongezeka, na hapo ni pale hali ni nzuri na joto ni la kutosha, mimi nilikuwa nawamwaga nje na tope karibu kwa kasi wanayozaliwa nayo.

Lakini kisa chenyewe kiko kwenye haidrojeni, na hapa ndo nilipokuwa sielewi kabisa. Wachachushaji wakipewa sukari nyingi wanatoa haidrojeni nyingi. Makuli, wale wa zamu ya tatu, kazi yao ni kuvunja asidi ya propioniki na butiriki, na kazi hiyo kikemia haiwalipi, yaani ukiwaweka peke yao kwenye chupa hawapati nishati yoyote, wanapata hasara. Inawalipa pale tu haidrojeni wanayotoa inapoondolewa papo hapo mpaka ibaki kidogo mno, kwa propioniki ni kama sehemu 1 kwa 10,000 ya presha ya angahewa. Anayeiondoa ni nani? Baadhi ya wapishi, wanaochukua haidrojeni nne na kaboni dayoksaidi moja wakatoa methani moja na maji. Kwa hiyo kuli na mpishi wanaishi wamegusana, huyu akitema yule anameza, na mmoja akilegea mwingine anakufa njaa akiwa amezungukwa na chakula.

Ushirika wao ni wa karibu kiasi kwamba uliwahi kuwadanganya wataalamu. Kuna kiumbe kiliitwa Methanobacillus omelianskii, miaka mingi kikifugwa maabara kama kijidudu kimoja kinachogeuza pombe kuwa methani, mpaka mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake wakaonyesha kwamba ni viumbe wawili, mmoja anakula pombe na kutoa haidrojeni, mwenzake anaila. Mmoja bila mwenzie hawendi popote.

Basi mimi nimemwaga sukari, haidrojeni ikapanda, makuli wakasimama, propioniki na butiriki zikarundikana (ndo ile harufu ya maziwa), pH ikashuka, na pH ikishuka chini ya kama 6.5 wapishi wa asidi ya asetiki nao wanalegea, na hao kwa kawaida ndo wanatoa karibu asilimia 70 ya methani yote. Asetiki nayo ikarundikana. Wachachushaji wao hawana habari, asidi kali hawaijali, wanaendelea kuchachusha tu. Zile lita 150 nilizojivunia kwa sehemu kubwa zilikuwa kaboni dayoksaidi.

Siku ya 45

Matibabu. Kulisha kumesimama kabisa. Bikaboneti ya sodiamu gramu 100 imeyeyushwa kwenye ndoo ya tope na kurudishwa, na nitarudia kila siku kwa siku nne. Sio zaidi, sodiamu ikizidi nayo ni sumu kwao. Chokaa nimeikataa, nilisoma vizuri safari hii: chokaa inadaka kaboni dayoksaidi kutoka kwenye gesi, presha inashuka ghafla, pipa linaweza kuvuta hewa ndani, na oksijeni ndo adui namba moja wa wapishi, alafu chokaa yenyewe inaishia kuwa mchanga mweupe kitakoni.

Nimetoa lita 20 za uji mchachu, nimerudisha lita 20 za mavi mabichi na maji. Mbegu mpya.

Siku ya 48

pH 6.5. Gesi lita 20, haiwaki.

Siku ya 52

pH 6.7. Mpwa wangu anauliza kila asubuhi kama limepona.

Siku ya 57

Moto, dhaifu. 20 imebaki 10. Sijalisha chochote siku 12 na bado gesi inatoka, inakula lile deni la asidi nililolijaza mwenyewe.

Siku ya 61

pH 7.0, 20 imebaki 12 na nusu. Asilimia imepanda kuliko hata kabla ya ajali, kwa sababu sasa wanakula asidi zilizobaki na hakuna anayechachusha sukari mpya. Nimelisha gramu 300. Nimejisikia kama namlisha mgonjwa uji kwa kijiko.

Siku ya 66

Gramu 700. Harufu ya mayai viza imezidi kwenye bana, hiyo ni haidrojeni salfaidi, inatoka kwenye salfa ya protini. Inakula vyuma na ni sumu kweli, na ubaya wake ikiwa nyingi inazima pua, unaacha kuinusa wakati ndo inakuua, ndo maana mtu haingii wala kuinamisha kichwa ndani ya shimo au tangi la bayogesi hata kama limeshamwagwa. Nimejaza stilwuli iliyoshika kutu kwenye kipande cha paipu kabla ya tyubu. Kutu inashika salfa na kugeuka nyeusi, ukiitoa ikapigwa na hewa kutu inarudi na unaitumia tena, ila inapata joto sana wakati inarudi, nimeiweka juu ya jiwe mbali na pipa.

Siku ya 70

Kilo 1. Kila siku napima pH na sirinji kabla ya kulisha, sio baada, na lita za gesi nazisoma mwisho, kwa sababu lita ndo zilinidanganya.

Tope linalotoka nalimwagia bustani likiwa limechanganywa na maji. Naitrojeni haijaenda popote, imo humohumo na nyingi imekuwa amonia ambayo mmea unaichukua haraka, kilichoondoka na gesi ni kaboni, haidrojeni, oksijeni na salfa kidogo basi.

Siku ya 74

Joto 28. pH 7.1. Sirinji 20 imebaki 12. Gesi lita 88, lita moja ya maji imechemka kwa lita 31 baada ya kuweka bati la upepo. Stilwuli imeshaanikwa hewani mara moja ili kutu irudi.

Jioni jirani kaja na ndoo imejaa mpaka shingoni, kuna sherehe nyingine. "Chukua yote, mwenzangu." Nimepima kilo moja kwenye mizani nikamrudishia ndoo. Kaniangalia kama nimemtukana. Mpwa wangu ndo kamjibu, "wapishi hawajazaliwa wa kutosha."